Ufuta Umetoka Lindi, Kesi Iende Wapi?

Mama mdogo alitandaza karatasi juu ya mkeka, akazikandamiza kwa kopo la sukari zisipeperushwe na feni, akaniambia nisome ukurasa wa nne kwa sauti. Tulikuwa kwake Mtanda, Lindi mjini, baada ya swala ya alasiri, wajukuu wameshatolewa nje wakacheze. Nikasoma. Kipengele cha 17 kilisema mgogoro wowote utakaotokana na mkataba ule utasikilizwa na mahakama za Mumbai, na si nyingine.

"Hebu rudia, mwanangu."

Nikarudia.

"Ufuta umetoka Lindi," akasema. "Umechekechwa hapa, umeshonwa kwenye magunia na vijana wa hapa, na mimi mwenyewe nipo hapa. Mtu amenidhulumu, halafu nimfuate Mumbai?"

Nilimjibu jibu la kiwakili: kwa sababu umesaini, mama. Alinyamaza, akazikunja karatasi zake. Swali ndilo lililoondoka na mimi. Nilipanda nalo basi la kurudi Mtwara, nikalala nalo, na kila nilipokaa masjala kusubiri jalada nilijikuta nalirudia. Wiki zimepita. Ameniruhusu niliandike, mradi nisimtaje jina wala nisimtaje mnunuzi.

## Mzigo wenyewe

Ni kontena mbili za futi 20, kila moja tani 19. Ufuta aliununua mnadani, akausafisha upya, ukapigwa dawa ya wadudu, ukapata cheti cha afya ya mimea, ukapakiwa bandarini Mtwara kuelekea Mundra, pwani ya Gujarat, India. Asilimia 80 ya bei ililipwa nyaraka zilipofika benki. Asilimia 20 ilikuwa ilipwe mzigo ukishakaguliwa kule.

Ulipokaguliwa, mnunuzi akaandika kwamba mchanga na takataka vimezidi asilimia 1 waliyokubaliana, hivyo salio lote analizuia. Salio ni dola 11,400.

Mama mdogo ana cheti cha ukaguzi kilichotolewa Mtwara kabla ya kupakia, na hicho kinasema mzigo ulikuwa safi. Mnunuzi ana cha kwake cha Mundra. Vyeti viwili, mzigo mmoja. Lazima mtu akae chini aamue kipi kishike, na hapo ndipo kipengele cha 17 kinapoingia.

## Nyumbani wangesema nini

Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai inataka mdaiwa ashtakiwe anakoishi au anakofanyia biashara, au pale chanzo cha madai kilipotokea. Mnunuzi haishi Tanzania. Lakini mzigo ulikabidhiwa melini Mtwara, na fedha zilipaswa kuingia kwenye akaunti iliyoko huku. Bila kipengele cha 17 ningekuwa na hoja ya kusimamia, na ningeisimamia bila wasiwasi.

Kipengele kipo, na uzito wake si mdogo. Sheria ya Mikataba inabatilisha makubaliano yanayomfungia mtu mlango wa mahakama moja kwa moja. Kuchagua mlango mmoja kati ya milango mingi hakuhesabiwi hivyo. Mahakama ya Rufani imeshalisema hili katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China) Shipping, rufaa ya madai namba 98 ya mwaka 2016. Hati ya shehena, yaani karatasi ya kampuni ya meli yenye masharti ya kusafirisha mzigo, ilitaja Mahakama Kuu ya Uingereza, London. Mahakama ikawaambia wahusika washike walichokubaliana.

Nikifungua shauri huku, basi, jambo la kwanza nitakalokutana nalo ni pingamizi la awali: mahakama hii haina mamlaka, mdai alikubali Mumbai kwa sahihi yake.

Kuna upenyo. Majaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiazima kipimo cha Jaji Brandon katika kesi ya The Eleftheria, iliyoamuliwa London mwaka 1969. Mbao zilitoka Romania kwenda London na Hull katika meli ya Kigiriki. Kwa sababu ya matatizo ya wafanyakazi bandarini Hull, meli ikaenda kuzishusha Rotterdam. Hati ya shehena ilisema kesi ziende Ugiriki, wenye mbao wakashtaki London. Brandon alisema mkataba uheshimiwe mpaka mdai aonyeshe sababu nzito ya kuuvunja, kisha akaorodhesha ya kutazama: ushahidi uko wapi, sheria ya nchi gani itatumika, kila upande una uhusiano gani na nchi ipi, mdaiwa anataka kweli kesi isikilizwe huko ng'ambo au anatafuta kumchosha mwenzake, na mdai akilazimishwa kwenda huko ataumia vipi. Je, hukumu atakayopata itakazika, yaani itatekelezwa? Je, muda wa kushtaki umeshapita? Je, atasikilizwa kwa haki?

Mwisho wa yote aliwarudisha Ugiriki.

Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikipokea kipimo hicho mwaka 1985, katika shauri la United India Insurance dhidi ya East African Underwriters. Ukiisoma ile orodha ukiwa Lindi, na ufuta ukiunusa, unaona kama imeandikwa kwa ajili yako. Ukiuangalia mwisho wa kesi yenyewe, matumaini yanapungua.

## Wakubwa wawili na mtambo wa mafuta

Nilipokuwa nasoma usiku, kila njia ilinirudisha kwenye kesi ya Marekani, The Bremen dhidi ya Zapata, ya mwaka 1972. Kampuni ya Zapata ya Houston iliikodi kampuni ya Kijerumani ivute, kwa meli yake Bremen, mtambo wa kuchimba mafuta kutoka Louisiana hadi Ravenna, Italia. Januari 1968 dhoruba ikaupiga mtambo katika Ghuba ya Mexico, miguu yake ikakatika ikazama, na msafara ukajisalimisha Tampa, Florida. Zapata wakashtaki hapo hapo Tampa wakidai dola milioni 3.5. Mkataba ulisema London.

Mahakama za chini zikasema kesi ibaki Tampa. Mahakama ya Juu ikazikatalia. Ilisema biashara ya dunia haiwezi kwenda kwa masharti ya nyumbani kwetu peke yake, na kwamba kipengele cha namna hii kikazwe isipokuwa kukikaza kuwe ni uonevu ulio wazi, au kiwe kilipatikana kwa ulaghai au kwa nguvu.

Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama palepale. Ofisa wa Zapata alirekebisha vipengele kadhaa kabla ya kutia sahihi, kile cha London akakiacha kama kilivyo. Mahakama ikaona kwamba watu hawa walikuwa wazoefu, waliongea kwa uhuru, na si rahisi kuamini kuwa kipengele hicho hakikuwamo kichwani mwao walipokuwa wanapanga bei.

Mama mdogo aliletewa mkataba kwenye WhatsApp. Mnada ulikuwa umeshapita, ufuta umeshalipiwa, magunia yako ghalani na kodi ya ghala inahesabika. Aliomba asilimia 80 iwe 90. Akajibiwa kwamba mkataba ni huo huo kwa wauzaji wote, na kama hautaki wapo wengine. Kipengele cha 17 hakuna aliyekigusa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kinagusika.

Hapa nina msimamo, na nausema waziwazi. Hoja ya The Bremen ina nguvu pale ambapo pande mbili zilikaa mezani. Kuichukua nzimanzima ukamvika mtu aliyetumiwa faili kwenye simu ni kumtoza bei ya kitu ambacho hakuuziwa. Naamini mahakama zetu, zinapouliza kama ipo sababu nzito, ziulize pia mkataba ulifungwaje: nani aliuandika, mwenzake alikuwa na nafasi ya kukataa, alipewa muda gani. Uhuru wa mikataba hautavunjika kwa maswali hayo. Maana hata Zapata walipimwa kwa uhuru waliokuwa nao.

## Kushinda ambako hakulipi

Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa kupigania Lindi. Nilishaanza hata kuandika hoja.

Kisha nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mteja yeyote mwingine: tukishinda, tunakamata nini?

Mnunuzi hana ofisi Tanzania. Hana nyumba, hana gari, hana akaunti. Hukumu ya Lindi ingebidi ivuke bahari. India ina kifungu cha 44A katika sheria yake ya mwenendo wa madai, kinachoruhusu hukumu za nchi fulani zilizotangazwa kukaziwa kule kama vile zimetolewa na mahakama ya wilaya ya India. Uingereza imo. Singapore imo, Malaysia imo, na Umoja wa Falme za Kiarabu uliongezwa mwaka 2020. Tanzania haimo. Kwetu mambo ni hayo hayo: sheria yetu ya hukumu za kigeni inazitambua nchi kama Zambia, Botswana, Mauritius na Uingereza, na India haimo.

Hii inaumiza zaidi ukikumbuka tulikotoka. Sheria yetu ya Mikataba imejengwa juu ya ile ya India ya 1872. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 ilifuata mpangilio wa ile ya India ya 1908, hata namba za amri nyingi zimelingana. Wakili wa Mumbai akiishika hati yangu ya madai ataielewa bila mkalimani wa sheria. Sheria ni ndugu, lakini hukumu zake hazipokelewi kwa jirani.

Asiye na hukumu ya nchi iliyotangazwa anabaki na njia moja: afungue shauri jipya India, ushahidi wake mkuu ukiwa ile hukumu ya nyumbani, na alifungue ndani ya miaka 3. Hapo kifungu cha 13 cha sheria ileile ya India kinamsubiri. Mahakama ya India itauliza kama mahakama iliyohukumu ilikuwa na mamlaka, kama ilisikiliza kiini cha shauri, kama mdaiwa alipewa nafasi. Mnunuzi asipotokea Lindi kabisa, na mkataba wenyewe ukiwa unasema Mumbai, hukumu yangu itafika kule ikiwa imeshachoka.

Kipengele kilekile kilichonikera ndicho kingenifungia njia mara mbili, Lindi na Mumbai.

## Mumbai kunaonekanaje ukiwa huku

Sasa geuza. Mumbai ndiko aliko mnunuzi. Ghala lake liko India, benki yake iko India, jina lake analilinda India. Hukumu ikitoka kule, haina bahari ya kuvuka. Ukiwa unadai fedha, hilo ni jambo kubwa kuliko ukaribu wa mahakama na nyumba yako.

Nilipomweleza mama mdogo hivi kwa simu, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza la kwake: "Na nauli?"

Nauli ndiyo kidogo. Mdai anayeishi nje ya India na asiye na mali isiyohamishika ya kutosha kule anaweza kutakiwa aweke dhamana ya gharama kabla shauri halijaenda mbali. Iko kwenye Amri ya XXV ya sheria yao ya mwenendo wa madai, na yetu nayo ni Amri ya XXV, wala si ajabu. Wakili wa kule analipwa. Hati zinathibitishwa. Kijana aliyesimamia upakiaji bandarini anatakiwa atoe ushahidi. Yote hayo kwa dola 11,400.

Na saa inakwenda. Sheria yetu ya Ukomo inampa mdai wa mkataba miaka 6. India inampa 3. Muuzaji wa Lindi anayesubiri kwa imani kwamba bado ana muda mwingi anaweza kujikuta ana muda mahali ambapo hakuna mali, na hana muda mahali ambapo mali ipo.

Nikawa nimekwama kati ya mahakama asiyoweza kuifikia na mahakama isiyoweza kumfikia mwenzake.

## Vipi akija msimu ujao?

Wazo la tatu lilinijia Shangani, hapa Mtwara, nikiangalia malori ya korosho yakipanga foleni kuelekea bandarini. Wanunuzi hawa wanarudi. Kila msimu wana mzigo kwenye maghala ya Mtwara na Lindi. Wakati huo mali ipo hapa, ndani ya mipaka, inaonekana kwa macho.

Amri ya XXXVI ya sheria yetu inaruhusu kukamata mali ya mdaiwa kabla ya hukumu, kama mahakama itaridhika kwamba anataka kuiondoa ili kukwamisha hukumu itakayotolewa. Nilichangamka. Nikampigia mwenzangu mmoja anayeshughulika na wanunuzi hao, akanituliza kwa swali moja: huo mzigo ni wa nani kisheria?

Mara nyingi anayenunua mnadani ni kampuni ya hapa, yenye usajili wake na wakurugenzi wake. Ile ya Mumbai ni nyingine. Zinaweza kuwa za ukoo mmoja, zikatumia nembo moja, na bado mbele ya jaji zikawa watu wawili tofauti. Deni la mmoja huwezi kulikamatia kwenye magunia ya mwingine mpaka uthibitishe kwamba utengano wao ni wa karatasi tu, na kuthibitisha hilo ni kesi ndani ya kesi. Na hata mzigo ukiwa wake kweli, pingamizi la kipengele cha 17 bado liko palepale mlangoni.

Sijalitupa wazo hilo. Lakini si la kumtegemeza mtu mwenye mtaji mdogo.

## Nachingwea ilikofika

Mkoa huu huu wa Lindi una mgogoro mwingine uliosafiri mbali. Wilayani Nachingwea kuna mradi wa nikeli wa Ntaka Hill. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, na wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya Australia, Indiana Resources, wakaipeleka Tanzania kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, kule Washington. Julai 2023 wasuluhishi waliamuru nchi ilipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90.

Mwaka huo huo wa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, na kifungu chake cha 11 kinataka migogoro ya maliasili isikilizwe na vyombo vilivyoanzishwa hapa Tanzania. Haikuuzuia mgogoro wa Nachingwea kwenda Washington, kwa sababu wawekezaji walipita kwenye mkataba wa kulinda uwekezaji uliosainiwa kati ya Tanzania na Uingereza mwaka 1994.

Najua mgogoro wa mwekezaji na serikali haufanani na wa muuzaji na mnunuzi. Ninautaja kwa sababu mbili. Kwanza, mahali pa kesi palikuwa pamepangwa miaka mingi kabla hakujatokea ugomvi, na aliyekuwa amesoma karatasi za zamani ndiye aliyejua njia. Pili, nchi iliona uzito wa jambo hili ikajitungia sheria. Mwenye kontena mbili za ufuta hana Bunge. Ana kipengele kimoja tu cha mkataba, na hata hicho kimeandikwa na mwenzake.

## Barua ya Mumbai

Tulichofanya mwishowe kilikuwa kidogo kuliko mawazo yangu yote. Nilimtafuta wakili wa Mumbai, tukaelewana ada ya barua moja tu. Barua ya kwangu kutoka Mtwara, yenye muhuri na lugha kali, ilikuwa imekaa bila kujibiwa. Ya kwake ilieleza mambo yaleyale kwa ukurasa mmoja, ikaambatanishwa na cheti cha Mtwara, ikamalizia kwamba mteja yuko tayari kufungua shauri katika mahakama ambayo mkataba wenyewe umeitaja.

Mnunuzi alijibu wiki ileile. Akasema yuko tayari kulipa dola 7,000 yaishe.

Jambo hili lilinigeuza kuliko hukumu zote nilizosoma. Mnunuzi hakuwa ameshawishika kuhusu mchanga. Alichokiona ni kwamba sasa kuna mtu anayeweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye mahakama yenye uwezo juu yake. Kipengele tulichokiona ni cha kumkomoa mama mdogo ndicho kilichoipa ile barua meno, kwa sababu mnunuzi hakuwa na pa kusema "mahakama hii hainihusu".

Bado sisemi kwamba Mumbai ilikuwa haki. Ilifaa kwa sababu safari hii mdai ni yeye. Kama mnunuzi angekuwa ndiye anayedai, akamshtaki yeye kule, kipengele hichohicho kingemlazimisha ajitetee bara jingine au ahukumiwe asipokuwepo. Ndiyo maana hakuna jibu moja la kumpa kila muuzaji. Inabidi ujiulize kabla hujasaini: katika biashara hii, nani atabaki anamdai mwenzake? Anayetoa mzigo kwanza na kupokea fedha baadaye ndiye atakayedai. Huyo ahangaikie mahali zilipo mali za mwenzake. Anayepokea fedha kwanza ndiye atakayedaiwa, na huyo ana kila sababu ya kung'ang'ania mahakama ya nyumbani.

Mama mdogo amekataa 7,000. Anataka 9,000. Wanaendelea kuvutana, na mimi nimeacha kuingilia, maana kwenye bei ananizidi mbali.

## Mkataba wa msimu huu

Wanunuzi na wauzaji wanaogombana wanauziana tena, ndivyo biashara ya ufuta ilivyo. Mkataba mpya ulipokuja, kwa mara ya kwanza tulikigusa kipengele cha 17.

Tulipendekeza usuluhishi badala ya mahakama. Sababu ni ya kivitendo. Mkataba wa New York wa 1958 unazibana nchi wanachama zitambue tuzo, yaani maamuzi, za wasuluhishi wa nje. India iliuridhia mwaka 1960, Tanzania mwaka 1964. India ina sharti la ziada: nchi ambako tuzo imetolewa iwe imetangazwa kwenye gazeti la serikali yake. Nchi nyingi wanachama hazimo kwenye orodha hiyo. Tanzania imo. Kwa hiyo hukumu ya jaji wa Lindi inakwama baharini, na tuzo ya msuluhishi aliyekaa Dar es Salaam inapita. Bado naona ni jambo la ajabu kwamba karatasi ya mtu binafsi tuliyemlipa wenyewe ina nguvu nje kuliko ya mahakama ya Jamhuri, lakini ndivyo njia ilivyochorwa, na mteja wangu hawezi kusubiri serikali mbili zipatane kuhusu hukumu.

Usuluhishi nao una gharama. Jaji analipwa na serikali, msuluhishi mnamlipa nyinyi. Ukiweka wasuluhishi watatu kwa mgogoro wa dola 11,400, ada zao zitakula deni lote. Tukaandika msuluhishi mmoja, mashauri madogo yaamuliwe kwa nyaraka bila kusafirisha mashahidi, na makao yawe Dar es Salaam chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Tukaandika pia sheria ya kutumika, kwa sababu mkataba wa kwanza haukusema lolote kuhusu hilo, na mahali pa kesi na sheria ya kesi ni mambo mawili. Jaji wa Mumbai anaweza kabisa kuamua kwa sheria ya Tanzania, akiletewa mtaalamu wa kumweleza.

Ningependa vyama vikuu vya ushirika na wauzaji wadogo wa kusini wawe na kipengele kimoja kilichoandikwa vizuri, kila mmoja akiweke mezani kila msimu. Mnunuzi anayewaambia "mkataba ni huo huo kwa wote" angekuta na wao wana wa kwao, huo huo kwa wote.

Majibu ya mnunuzi yamekuja Jumatatu. Usuluhishi anaukubali, msuluhishi mmoja anamkubali, Dar es Salaam haitaki. Anapendekeza Singapore. Singapore nayo imo kwenye orodha ya India, kwa hiyo tuzo ya huko itakazika, na kwa shauri la nyaraka tupu hakuna wa kupanda ndege. Nimemwandikia kwamba tunaweza kuipokea Singapore kwa masharti mawili: sheria iwe ya Tanzania, na ukaguzi utakaohesabika uwe ule wa Mtwara kabla ya kupakia, ukifanywa na mkaguzi ambaye pande zote mbili zimemkubali. Mama mdogo alisoma rasimu, akanirudishia na sharti lake la tatu, ambalo amesema ndilo la kwanza: nyaraka zikifika benki, alipwe asilimia 95.